Kumfuga British Shorthair Uganda: mzani, chanuo na saa

British Shorthair ni paka mzito, mwenye kichwa cha mviringo, shingo fupi na manyoya mafupi yaliyosongamana hivi kwamba ukimpapasa vidole vinazama. Ni paka mkimya pia. Akiumwa hujikunja pembeni akalala, na kwa kuwa hata akiwa mzima hulala sana, mwenye paka haoni tofauti. Kwa hiyo usingoje akuambie. Nunua mzani, chanuo la chuma, na uwe na saa inayoonyesha sekunde, uvitumie kila wiki kwa namna iliyoelezwa hapa chini.

Mwili uliotengenezwa kwa baridi

Babu zake walikuwa paka wa kukamata panya katika mitaa na mashamba ya Uingereza. Harrison Weir alipoandaa maonyesho makubwa ya paka Crystal Palace, London, mwaka 1871, paka wa aina hii walikuwa miongoni mwa waliotia fora. Vita viwili vya dunia viliwapunguza sana, na wafugaji wakawapandisha na Persian, aina ya paka wa manyoya marefu na uso bapa, ili kizazi kisipotee. Kutoka kwa Persian walipata unene wa manyoya na macho makubwa ya mviringo. Walipata pia ugonjwa wa kurithi wa figo, ambao tutaurudia kwenye karatasi za muuzaji.

Dume aliyekomaa huwa na kilo 5 hadi 8, jike kilo 3.5 hadi 5.5. Hukomaa polepole, miaka 3 hadi 5, kwa hiyo dume wa mwaka mmoja mwenye mashavu membamba hana kasoro yoyote. Tabia yake ni ya utulivu: anakufuata chumba hadi chumba, anakaa karibu nawe, lakini wengi hawapendi kubebwa. Miguu minne ikiwa chini, ana amani. Waambie watoto wa nyumbani hilo mapema.

Kampala, iliyo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, anaishi vizuri. Kabale ndiko hali ya hewa inakomfaa zaidi. Gulu, Arua na Moroto, hasa kiangazi cha Desemba hadi Februari, lazima umpangie mahali pa baridi kabla hujamleta.

Kumkagua kabla ya kulipa

Udanganyifu wa kawaida ni paka wa kienyeji wa kijivu kuuzwa kama British. Rangi si ushahidi. British wapo weusi, weupe, wa krimu, wa milia ya fedha na rangi nyingine nyingi, na paka wa kienyeji wa kijivu wapo kila mahali. Kagua hivi:

1. Mweke juu ya meza umtazame uso kwa uso. Masikio ni madogo, yametengana, ncha zake ni butu. Pua ni fupi na pana, lakini haijabonyea. Pua iliyobonyea kama ya Persian itampa shida ya kupumua joto likipanda.

2. Shika mkia. Shina nene, ncha ya mviringo. Mkia mwembamba unaochongoka kama mjeledi ni wa paka mwingine.

3. Pitisha kiganja kinyume cha manyoya, kutoka mkiani kwenda shingoni. Ya British husimama wima kwa muda na yanapojitenga unaona tabaka la ndani, jepesi kama sufi. Ya kienyeji hulala papo hapo.

4. Tazama macho, ila usihukumu haraka. Vitoto vyote huzaliwa na macho ya buluu. British wa kijivu hubadilika polepole kwa miezi mingi hadi rangi ya shaba au dhahabu, kwa hiyo kitoto cha wiki 12 chenye macho yasiyoeleweka rangi ni kawaida. Vilevile michirizi hafifu kwenye manyoya ya kitoto cha kijivu hufutika akikua. Mweupe mwenye macho ya buluu, piga makofi nyuma yake: anaweza kuwa kiziwi.

5. Masikio yaliyokunjika mbele yana maana moja: si British, ni Scottish Fold, aina nyingine ya paka, au chotara wake. Hitilafu ileile inayokunja gegedu la sikio huharibu gegedu na mifupa ya viungo, na paka huishi na maumivu. Usimnunue hata kwa bei ya kutupa.

6. Mpime. Kitoto cha wiki 12 chenye chini ya kilo moja, uliza kwa nini. Tumbo gumu kama ngoma juu ya mbavu zinazoonekana ni minyoo. Usichukue kitoto chini ya wiki 12. Kinakuwa hakijamaliza chanjo za mwanzo wala kujifunza adabu kwa mama yake.

Sasa karatasi. Cheti cha ukoo peke yake hakitoshi. Namba ya chipu, kidude kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya paka, yenye tarakimu 15, isomwe kwa kifaa mbele yako ilingane na ya cheti. Omba majibu ya kipimo cha vinasaba vya ugonjwa wa figo kwa wazazi wote wawili. Mzazi mmoja akiwa nao, kila kitoto kina nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Kuhusu moyo, kuwa mwangalifu. British, hasa madume, hupata ugonjwa wa msuli wa moyo kunenepa, na wapo wauzaji wanaoonyesha karatasi ya vinasaba kuwa paka wao ni salama. Vipimo vya vinasaba vilivyopo vilitokana na mabadiliko yaliyogunduliwa kwa Maine Coon na Ragdoll, aina nyingine za paka; kwa British havikuambii kitu. Kinachosema kweli ni picha ya altrasaundi ya moyo ya wazazi, tena ya karibuni, kwa sababu moyo ulio sawa leo unaweza kunenepa miaka miwili ijayo.

Ukimleta kutoka nje kupitia Entebbe, kibali cha kuingiza mnyama kutoka Wizara ya Kilimo, Viwanda vya Mifugo na Uvuvi kipatikane kabla ya tiketi kukatwa. Ataandamana na cheti cha afya cha nchi atokayo na cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

Wiki ya kwanza

Mpe chumba kimoja, si nyumba nzima. Weka sanduku la kujificha, maji, chakula, na choo upande wa mbali na chakula. Beseni la choo liwe na urefu wa sentimita 60 hivi, maana huyu ni paka mkubwa na akibanwa atakojoa ukutani. Jaza sentimita 5 hadi 7 za mchanga laini uliooshwa na kukauka, au maranda ya mbao isiyotiwa dawa. Maganda ya kahawa ni rahisi kuyapata, lakini yana kafeini, ambayo ni sumu kwa paka. Yaache. Zoa mara mbili kwa siku. Idadi ya vyoo ni idadi ya paka ukiongeza kimoja.

Dirisha zote ziwe na wavu wa waya uliopigiliwa, si wa nguo. Usimwachie nje. Huko kuna mbwa, sumu ya panya, wezi wanaojua bei yake, na madume wa mtaani wanaoambukiza virusi vya upungufu wa kinga vya paka kwa kuumana.

Chakula: posho na mukene havitoshi

Paka wa kienyeji anayelishwa posho (ugali wa mahindi) na mukene (dagaa) hujazia kwa panya, mijusi na ndege. British wa ndani hana pa kujazia. Mwili wa paka unahitaji taurini, kirutubisho ambacho hupatikana kwenye nyama na samaki tu. Unga wa mahindi hauna hata chembe. Ikipungua kwa miezi, moyo hulegea na macho hupofuka, na huyu ni paka ambaye moyo wake tayari uko kwenye hatari nyingine. Msingi wa chakula chake uwe chakula cha paka kilichoandikwa kuwa ni kamili. Cha mbwa hakifai.

Paka mzima aliyehasiwa, kwa chakula kikavu chenye kilokalori 370 hivi kwa gramu 100, aanze hivi: jike wa kilo 4, gramu 50 hadi 55 kwa siku nzima, dume wa kilo 6, gramu 65 hadi 75. Pima kwa mzani wa jikoni. Kikombe hudanganya: kilichojaa na kilichojaa kwa kilima hutofautiana kwa gramu 15, na gramu 15 kila siku kwa mwaka ndizo zinazomfanya ashindwe kujilamba mgongo. Kitoto alishwe mara 4 kwa siku hadi miezi 4, mara 3 hadi miezi 6, kisha mara 2. Baada ya kuhasiwa punguza robo ya chakula, kwa kuwa njaa huongezeka ilhali matumizi ya mwili hupungua.

Maduka mengi huuza chakula kikavu kwa kupima kutoka gunia lililofunguliwa. Bei ni nafuu, lakini mafuta yake huchacha na unyevu huleta ukungu. Omba kuona tarehe kwenye gunia lenyewe, na unuse: kikinuka kama rangi ya mafuta, kimeharibika. Nyumbani kihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na ukuta au paa la mabati, ukimalize ndani ya wiki 6. Chakula cha kopo kisikae bakulini zaidi ya saa moja au mbili.

Mukene unaweza kumpa kama kitamu, samaki watatu au wanne mara mbili kwa wiki. Wale waliokaushwa chini hubeba mchanga, hivyo loweka, suuza mara tatu, kisha chemsha bila chumvi. Maini ya ng'ombe, kipande cha ukubwa wa kidole gumba mara moja kwa wiki, si zaidi. Vitamini A ikizidi huharibu mifupa. Mchuzi wowote wenye kitunguu au kitunguu saumu usimpe, huvunja chembe nyekundu za damu.

Ukibadilisha chakula, tumia siku 7 hadi 10: robo mpya siku mbili tatu, nusu, robo tatu, halafu kamili. Ukibadilisha kwa ghafla atahara, au atagoma kula, na kugoma ndiko kubaya zaidi.

Maji: bakuli pana la udongo au chuma, mbali na chakula na choo. Paka wa kilo 5 anayekula kikavu ahitaji mililita 200 hadi 250 kwa siku.

Mzani

Pima kila Jumapili, kabla ya kula. Mzani wa kusimamia wa bafuni unatosha kuanzia: pima ukiwa umembeba, kisha ukiwa peke yako, utoe. Andika. Kwa kitoto tumia mzani wa dijitali na beseni, maana gramu 50 zina maana.

Kisha gusa mbavu. Kunja ngumi upapase vifundo vya vidole: mbavu zikiwa hivyo, amekonda. Nyoosha mkono upapase mgongo wa kiganja: hapo ndipo panapotakiwa. Geuza upapase kiganja chenyewe, kwenye nyama: mbavu zikijificha hivyo, amenenepa. British ana umbo nene, na watu husingizia ukoo. Umbo ni mifupa na kifua. Mbavu lazima zipatikane.

Akinenepa, mpunguze kwa asilimia 1 ya uzito kwa wiki. Wa kilo 7 apoteze gramu 70, si zaidi. Usimfungishe. Paka mnene asipokula siku mbili, mafuta hukimbilia kwenye ini na kulifunga. Macho na fizi huwa njano, na wengi hufa hapo. Asipokula saa 24, mpigie daktari wa mifugo.

Chanuo

Mara moja kwa wiki inatosha, mara mbili au tatu anapopukutisha. Utahitaji chanuo la chuma lenye meno ya mviringo na brashi ya mpira. Vifaa vyenye wembe wa kung'oa manyoya viache: hukata tabaka la juu, na koti la British likikatika huchukua miezi kurudi.

1. Mweke kwenye meza yenye taulo, mgongo wake ukikuelekea. Subiri atulie.
2. Brashi ya mpira kwanza, kwa mzunguko, kutoka mabegani hadi kiunoni.
3. Chanuo kufuata uelekeo wa manyoya, mstari kwa mstari, likilazwa kidogo ili meno yasichome ngozi. Toa manyoya kila baada ya mistari mitatu.
4. Inua mguu wa mbele uchane kwapa, kisha nyuma ya masikio na ndani ya mapaja. Hapo ndipo mafundo yanapojificha kwa paka wa manyoya mafupi, na mwenyewe hashuku.
5. Tazama kilichobaki kwenye chanuo. Chembe nyeusi, zitie kwenye karatasi nyeupe yenye tone la maji: zikitoa wekundu wa kahawia ni kinyesi cha viroboto, yaani damu iliyosagwa.

Kumnyoa kwa ajili ya joto si msaada. Manyoya humkinga na jua na joto la juu pia. Matandiko yake yakianikwa nje, yapige pasi pande zote mbili. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na mabuu yake huingia chini ya ngozi ya paka kama inavyoingia ya mtu.

Joto

Chini ya mabati bila dari, saa 8 mchana, chumba huwa tanuri. Mwachie sakafu ya simenti au vigae, upepo wa kupita, na chupa ya maji baridi iliyofungwa kwa taulo. Paka anayehema mdomo wazi akiwa amepumzika yuko hatarini, si sawa na mbwa. Mloweshe miguu, tumbo na masikio kwa maji ya kawaida, si ya barafu, mpepee, umpeleke hospitali.

Dawa zinazoua paka

Hapa soma mara mbili. Dawa za kupe za ng'ombe na mbwa ziko kwenye nyumba nyingi Uganda, na nyingi zina permethrini, saipamethrini au amitrazi. Ini la paka haliwezi kuvunja permethrini. Tone lililowekwa mgongoni kumwondolea viroboto humfanya atetemeke ndani ya saa chache, kisha degedege. Ikitokea, mwoshe mara moja kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, umfunge taulo, umkimbize kwa daktari. Dawa ya viroboto iwe imeandikwa paka, na kipimo kilingane na kilo zake. Chandarua kipya chenye dawa kinapopungiwa hewa kivulini, paka awe chumba kingine, na cha zamani kisigeuzwe tandiko lake.

Parasetamoli, hata nusu kidonge, yaweza kumuua. Fizi hugeuka kahawia na uso huvimba. Maua ya yungiyungi ya dukani ni sumu kwa figo zake, hata vumbi lake akililamba kwenye manyoya.

Chanjo na minyoo

Chanjo ya mafua ya paka na panleukopenia (ugonjwa mkali wa virusi unaoshusha chembe nyeupe za damu) huanza wiki 8, hurudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka wiki 16 zipite, kisha tena baada ya mwaka mmoja. Ya kichaa cha mbwa huanza wiki 12, kisha kila mwaka, hata kama hatoki nje. Minyoo: kila wiki 2 hadi miezi 3, kila mwezi hadi miezi 6, baadaye kila miezi 3. Kuhasi dume na kufunga jike kizazi kufanyike kati ya miezi 4 na 6.

Saa: kuhesabu pumzi

Paka akiwa amelala fofofo, si anaponguruma kwa raha, tazama ubavu. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2. Chini ya 30 kwa dakika ni sawa. Ikizidi 30 mara mbili tatu kwa siku moja, mapafu yanaweza kuwa yanajaa maji kwa sababu ya moyo, na kwa British huenda hiyo ikawa dalili ya kwanza na ya pekee. Dalili nyingine ya moyo huja bila kubisha: miguu ya nyuma hulegea ghafla, baridi, paka akilia kwa uchungu. Ni damu iliyoganda ikaziba mshipa mkubwa. Usimpe dawa ya nyumbani, nenda.

Ukitaka kuzalisha

Pima kundi la damu la wazazi kwanza. Paka wengi ni kundi A, ila British wana kundi B kwa wingi kuliko aina nyingi. Jike wa B akipandwa na dume wa A, vitoto vya A huzaliwa vizuri, vinanyonya, na ndani ya siku moja mbili mkojo huwa wekundu mzito na vinakufa. Kingamwili za maziwa ya kwanza ya mama ndizo zinazovunja damu yao. Dawa ni kutowapandisha. Ikiwa mimba imeshaingia, watenge vitoto na mama kwa saa 24 za kwanza, ukiwapa maziwa maalumu ya vitoto vya paka kila saa mbili, kisha uwarudishe. Andika kundi la damu kwenye kadi ya chanjo pia, kwa kuwa paka wa B akiongezwa damu ya A anaweza kufa palepale.

Dume anayerudi chooni mara kwa mara

Akichuchumaa bila kutoa kitu, akilia, akijilamba chini, usidhani amefunga choo. Mrija wa mkojo umeziba. Kibofu hujaa kama chungwa gumu, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo husimama ndani ya siku moja au mbili. Usikikamue, kitapasuka. Mtie kwenye kizimba kigumu, si gunia wala mfuko, kifunike nusu kwa kanga akae gizani, na ukienda kwa boda kishikwe mapajani, si kufungwa nyuma juani. Piga simu ukiwa njiani, uwaambie ni dume, hajakojoa tangu saa ngapi, na alikuwa na kilo ngapi Jumapili iliyopita.